Tulipandisha vioo kukwepa vumbi la kushuka Ivuna, mtungi wa naitrojeni ukaanza kutuondoa mmoja mmoja

Wakuu, za humu ndani.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika ni mvivu. Ila juzi nimeona jamaa kaweka picha ya mtungi wa baridi, ile ya watu wa mifugo, uko katikati ya abiria kwenye Noah, vioo juu, anajisifu kwamba mzigo umefika salama. Nilianza kumjibu, nikafuta, nikaona hapamtoshi.

Leo najibu kwa uzi. Anayetaka kusema ni chai aseme, ila shahidi wangu anauza vitenge Nakonde mpaka leo, na kovu liko kwenye kifundo changu cha mguu. Picha ya kovu siweki, msinisumbue.

Mimi ni KE, mzaliwa wa Chapwa, Tunduma. Miaka hiyo Songwe haijawa mkoa, kila fomu tunaandika Mbeya. Nilikuwa nasoma masters ya fizikia. Najua mtauliza mtoto aliyekulia kwenye malori na wabadilisha kwacha anaendaje kusoma fizikia. Hata mama aliuliza, tena mbele ya wageni. Tusonge.

Kazi yangu ilikuwa kwenye superconductor ndogo. Nivumilieni hapa kidogo, maana bila sehemu hii hamtaelewa kilichotokea kwenye gari.

Umeme ukipita kwenye waya wa kawaida, unakatwa ushuru njiani. Kidogo kinapotea, waya unapata joto. Superconductor ukiipoza vya kutosha haikati ushuru. Umeme unapita bure kabisa, mshale wa mita unalala kwenye sifuri kama geti la mpakani limeachwa wazi.

Sasa ikiwa ndogo, halafu ukaisukuma kwa volti, vituko vinaanza. Kipande changu kilikuwa kama kipisi cha njiti ya kiberiti, katikati kimekwanguliwa mpaka kimekuwa chembamba kama unywele. Ukiongeza volti, pale penye wembamba panazidiwa. Panapata joto, panageuka kuwa waya wa kawaida. Umeme unapungua, panapoa, panarudi. Unasukuma tena, panazidiwa tena. Hakiko huku wala hakiko kule, na mshale unatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Mimi nilitakiwa kujua kinatetemekaje, kinaanza kwa volti gani, na kinatulia lini.

Naomba mshike kitu kimoja tu. Ukishusha volti, na kipande bado kimezama kwenye baridi, mshale lazima urudi sifuri. Lazima. Mkishika hicho mmemaliza fizikia yote ya uzi huu.

Baridi yenyewe inatoka kwenye naitrojeni ya maji. Ni ile ile naitrojeni iliyojaa kwenye hewa tunayovuta, ila imepozwa mpaka imekuwa kimiminika. Ukiiacha wazi inachemka yenyewe na kurudi kuwa hewa. Ukiigusa inaunguza kama moto. Chuoni mashine ya kuitengeneza ilikuwa imekufa, tukaambiwa spea iko njiani. Mnazijua spea zilizo njiani.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Hapo ndipo anapoingia kaka yangu Jeremia.

Kaka ni mtu wa mifugo. Kazi yake kuzungukia wafugaji anapandikiza ng'ombe mbegu za madume ya maziwa. Mbegu zinakaa kwenye mirija midogo, na mirija inalala ndani ya mtungi. Na ndani ya mtungi kuna nini? Naitrojeni ya maji. Nilipokumbuka nilimrukia shingoni, akadhani nimefaulu mtihani.

Kunimegea hata kikombe alikataa, maana ya kwake ilikuwa ya kubana. Ila Jumamosi ile alikuwa anashuka Ivuna, kwa wakwe zake, kupandikiza ng'ombe wa baba mkwe. Akanipa mpango ambao wakati ule niliuona wa busara kupita kiasi.

"Tukiwa njiani mtungi ni wako," alisema. "Tukifika kwa mzee, ni wa ng'ombe."

Kwa hiyo lab yangu ikawa kiti cha nyuma cha Hilux double cabin ya kuazima. Nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kununua betri, nikaazima mita ya mshale kwa mwalimu mmoja wa sekondari, nikafunga kipande changu kwenye kijiti chenye nyaya ndefu. Kijiti kinashuka kwenye shingo ya mtungi, nyaya zinatoka nje mpaka kwenye mita mapajani kwangu. Kizibo hakikukaa vizuri kwa sababu ya nyaya, nikazungushia kipande cha kitenge. Kaka akaangalia, akasema haina neno.

Safari ile haikuwa ya ng'ombe peke yake, na hapa wakuu nisomeni taratibu.

Wifi yangu, mke wa kaka, anaitwa Kabula. Kwao ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao kule bondeni Momba. Alikuwa amezaa mara mbili na mara zote mbili tukazika. Wa tatu ndiye Limi, binti, bado ananyonya, hata kukaa hajaanza. Baba yake wifi, Mzee Masanja, alituma ujumbe kwamba haamini maneno ya simu, aletewe mtoto amshike kwa mikono yake. Na alishachagua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, wa kumpa mjukuu. Mtamba huyo ndiye alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya kaka siku ile.

Basi tukapanda. Kaka kwenye usukani. Kiti cha mbele pembeni yake kuna vyombo vyake na mkungu wa ndizi. Nyuma mimi, mtungi umesimama kati ya magoti yangu, umefungwa kwa khanga kwenye kiti. Pembeni wifi, na katikati yetu Limi amelala chali kwenye kitenge.

Mtauliza kwa nini mtungi haukukaa nyuma kwenye bodi. Kule kulikuwa na magunia ya pumba ya mzee. Halafu watu wa mifugo wa kwetu wote niliowafahamu walikuwa hivyo hivyo. Mtungi ni mali, ukibingirika kazi imekwisha, kwa hiyo unakaa na watu, mizigo inakaa nyuma. Walikuwa wanaupakata kama mtoto. Hakuna aliyewahi kuona ubaya, maana wengi wao walikuwa wanatembea vioo chini, au na pikipiki kabisa.

Sisi tulikuwa na mtoto.

Ile barabara ya kushuka bondeni anayeijua anaijua. Kiangazi vumbi lake haliruki, linasimama. Mbele yetu kulikuwa na lori la kwenda kubeba chumvi, kila tukijaribu kulipita linatuachia wingu zima. Limi akaanza kukohoa. Wifi roho ikamruka, na mtu aliyezika wawili huwezi kumwambia atulie.

Kaka akasema tufunge.

Hilux ile vishikio vya kuzungushia vioo vilikuwa vimekatika vyote, kikabaki kimoja. Kinahamishwa mlango hadi mlango. Kaka akasimama, akazunguka milango yote minne akapandisha vioo mpaka juu, kisha akakirusha kishikio juu ya dashibodi. Vitundu vya hewa vilikuwa bado vinapuliza vumbi, akavijaza vitambaa. Akakagua kazi yake, akaridhika. Hata mimi nilimsifu.

Gari likawa safi ndani, vumbi halipiti hata punje. Joto lilikuwepo, lakini mtungi wangu ulikuwa unatoa ubaridi fulani mtamu miguuni, wifi akasema nimekuja na friji.

Sasa ngojeni. Shingo ya mtungi ilikuwa imeota barafu nyeupe kwa nje. Nilimwonyesha kaka kabla hatujaondoka, akasema ni jasho la joto. Baadaye tukaja kujua ule mtungi ulishachoka, ukuta wake haukuzuia joto kama zamani, ndani ulikuwa unachemka kuliko kawaida. Siku ile ilikuwa barafu tu, tena nzuri kuangalia.

Tukaendelea. Nikawasha betri, nikaanza kuongeza volti kidogo kidogo. Mshale ukalala, ukalala, halafu ukaanza kutetemeka. Nilipiga kelele za furaha! Kaka akaanza kuimba. Yeye ni besi wa kwaya, akifurahi hanyamazi, na siku zote ni wimbo mmoja tu.

Tukaingia kwenye korongo moja bila kuliona. Gari likapiga, mtungi ukalala kwangu, kitenge kikatoka, naitrojeni ikamwagika kwenye sakafu ya gari. Ikakimbia huku na huku kama maji kwenye kikaango cha moto, moshi mweupe ukafunika miguu yetu, halafu ikapotea. Wifi alikuwa amemnyanyua mtoto juu anapiga mayowe. Nikamwonyesha zulia la gari limekauka kabisa, hata unyevu hamna. Tukacheka. Akasema haya maji yenu ya kisomi hayalowanishi.

Tulicheka sana, wakuu. Hakuna aliyejiuliza yameenda wapi.

Niliusimamisha mtungi, nikarudisha kitenge. Mbele tukapiga korongo la pili, ikamwagika tena, kidogo tu, tukazoea.

Limi alikuwa analia tangu Chapwa. Analia, ananyonya, analia. Baada ya lile korongo la pili akanyamaza. Wifi akamrudisha pale kwenye kitenge katikati yetu, akamfunika miguu kwa sababu ya ule ubaridi wa chini, akasema kwa sauti ya chini, Mungu mkubwa, amelala. Na yeye akaegemea kioo akafumba macho.

Hata mimi nilishukuru. Kile kilio kilikuwa kinanivurugia kusoma mshale.

(Samahani, umeme ulikatika. Naendelea.)

Kilichofuata nitakieleza jinsi nilivyokihisi, na nilikihisi kama raha. Hapo ndipo panaponitisha mpaka leo. Sikukabwa, sikukohoa, kifua hakikubana. Nilikuwa mwepesi, nimefurahi, nawapenda watu wote waliomo kwenye gari. Nilikuwa naangalia mshale unatetemeka, nikawaza nitaandika thesis nzuri, supervisor atashangaa.

Kisha mshale ukaacha kutetemeka. Ukapanda, ukasimama palepale juu.

Nikasema basi, nimesukuma sana, kimezidiwa moja kwa moja. Nikashusha volti. Kwa desturi mshale ulitakiwa uanguke mpaka sifuri. Ulishuka kidogo, kwa sababu umeme wenyewe ulipungua, lakini sifuri haukufika. Nikashusha tena mpaka karibu na mwisho. Bado geti limefungwa, bado ushuru unakatwa.

Nilikaa nikiuangalia kwa muda ambao siujui. Akili ilikuwa inatembea kama mtu aliyevaa gumboots kwenye tope. Nilijua kuna jambo, silipati.

Likaja kipande kipande. Volti nimeshusha. Kwa hiyo anayekisumbua si volti. Kwa hiyo ni joto. Kwa hiyo kipande hakijazama tena. Kwa hiyo naitrojeni imeshuka chini yake. Ule mtungi asubuhi kaka aliujaza karibu na shingo mbele ya macho yangu.

Nikajiuliza kwa sauti ya kichwani, kama mwalimu anayemuuliza mwanafunzi mzito: imeenda wapi?

Nikaangalia vioo. Vyote juu. Nikaangalia vile vitambaa kwenye vitundu vya hewa. Na ndipo nikagundua kwamba kaka haimbi. Sikujua alinyamaza lini.

Wakuu, nimewahi kuogopa. Nimewahi kupita kati ya malori mawili pale mpakani yakiwa yanarudi nyuma. Ila hofu ya siku ile ilikuwa ya aina nyingine, kwa sababu ilikuja na mwili haukuitikia. Moyo unasema kimbia, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine.

Nikageuza macho kwa Limi. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Kucha vivyo hivyo. Uso umetulia kabisa.

Nikamwita wifi. Nadhani nilimwita. Hakufungua macho.

Nikataka kushusha kioo, mkono ukapapasa mlango ukakuta kile chuma kitupu kisicho na kishikio. Kishikio kiko kwenye dashibodi, kule mbele, nakiona kinarukaruka na gari. Ningeweza kumwomba kaka. Kwenye kioo cha kati niliona macho yake, yako wazi, lakini hayakuwa yanaangalia barabara wala chochote.

Nikakumbuka mlango. Mlango unafunguka kwa ndani, hauhitaji kishikio cha kioo. Sijui kwa nini wazo hilo rahisi lilichukua muda mrefu vile. Nikavuta, nikasukuma kwa bega. Upepo wa mwendo ukaurudisha. Nikausukuma tena, safari hii nikachomeka mguu katikati, mtungi ukaniangukia, naitrojeni iliyobaki ikamwagikia kifundo cha mguu na kwenda nje. Kovu ndilo hilo. Maumivu sikuyasikia wakati ule.

Na vumbi likaingia.

Liliingia lote, jekundu, zito, likanijaa mdomoni na puani. Nilikohoa mpaka nikaona nyota. Ila kila nikivuta lile vumbi, kichwa kinarudi.

Nikarukia mbele nikamvuta kaka sikio kwa nguvu zangu zote, vile mama alivyokuwa anatuvuta tukiwa wadogo. Akashtuka, akakanyaga breki, gari likaacha barabara, likaingia kwenye mchanga, likazimika lenyewe kwenye kichuguu. Kama ingekuwa kipande cha juu kule penye mteremko, huu uzi angeuandika mtu mwingine.

Nilimbeba Limi nikatoka naye kwa magoti. Nikamlaza chini juani. Hakuwa anapumua, au kama alikuwa anapumua sikuona. Wifi alitoka upande wa pili akiwa anatambaa, anajaribu kusimama, anaanguka, anasimama. Hakulia. Alikuwa anasema neno moja tu, jina la mtoto, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwamsha asubuhi.

Walikuwa wanapita mume na mke na baiskeli yenye viroba vya chumvi. Waliona moshi mweupe unamwagika kwenye mlango wa gari kama maji na watu wanatambaa. Mwanaume akasimama mbali, akamkataza mkewe asisogee, akasema hayo ni mambo ya watu. Simlaumu, hata mimi ningesimama mbali.

Mke akasogea. Akapiga magoti upande wa pili wa mtoto. Mimi nilikuwa nampulizia Limi mdomoni kwa wazimu, kwa nguvu zote. Akanishika bega.

"Taratibu," alisema. "Huyo si moto wa jikoni."

Nikapunguza. Nikafunika mdomo na pua yake kwa mdomo wangu, nikapuliza kidogo tu, nikaona kifua kinanyanyuka. Nikapuliza tena. Yule mama akawa anasugua nyayo zake kwa vidole vyenye chumvi. Nikapuliza tena. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu anatapika, na kila akimaliza kutapika anauliza, vipi?

Nilikuwa nawaza jambo moja. Kwamba mzee anamsubiri amshike kwa mikono yake, na tutampelekea nini.

Limi akakunja uso kwanza, kama mtu aliyeonja ndimu. Kisha akakohoa kikohozi kidogo, cha kitoto. Kisha akalia.

Sijui niwaeleze vipi kile kilio. Nilikuwa nimekichukia tangu Chapwa. Nilikaa chini kwenye mchanga nikajikuta namwambia yule mtoto lia, lia shangazi, endelea. Wifi ndipo na yeye akaangua kilio, na yule mama wa chumvi akamwambia mumewe asogee sasa, watu hawa ni wazima.

Tulimkimbiza zahanati ya karibu, vioo vyote chini. Mganga akamkagua, akasikiliza kifua, akatuweka pale mpaka jua limeanza kupoa. Alitueleza jambo ambalo na mimi nalijua sasa vizuri kuliko jina langu. Mwili wa binadamu unashtuka hewa chafu ikijaa kifuani. Hewa safi ikipungua taratibu na nafasi yake ikachukuliwa na hewa isiyo na harufu, mwili haushtuki. Unalala. Na mdogo analala kabla ya mkubwa.

Kaka alimuuliza mbona sisi hatukuona dalili. Mganga akasema dalili ni hiyo mliyoifurahia, mtoto kunyamaza.

Kaka aliinuka akatoka nje.

Kwa Mzee Masanja tulifika tumejaa vumbi kuanzia nywele. Alitoka anacheka, anauliza kama tumekuja tumepanda gari au tumeliburuta. Wifi akamweleza kwa Kisukuma, sikuelewa maneno, ila nilielewa pale cheko lilipokatika. Mzee alimchukua Limi, akakaa naye kwenye kigoda nje, kwenye upepo, na alikataa kuingia ndani mpaka giza lilipoingia. Kila mara anamwekea sikio puani.

Kaka alianza kujieleza kuhusu ng'ombe. Mtungi ulikuwa mtupu, mbegu zimeyeyuka ndani ya mirija, zimekufa, na mtamba wa mjukuu alikuwa kwenye joto, yaani tayari kupandishwa, siku hiyo hiyo. Mzee hakumwangalia.

"Ng'ombe joto lake linarudi," alisema.

Nilipata usingizi kwa shida siku nyingi baada ya pale. Nikisinzia nashtuka nimeshika mlango. Kaka alibadilisha utaratibu wake, mtungi ukahamia nyuma kwenye bodi, ndani ya kreti la mbao, umekazwa kwa kamba za mpira, na aliwapitia wenzake mmoja mmoja kuwaambia. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia usomi wa dada yako umekupanda kichwani. Akamwacha.

Thesis nilimaliza, msiwe na wasiwasi. Spea ilifika mwishowe. Kipande changu kilipona, nilikiokota kwenye mchanga kikiwa bado kimefungwa kwenye kijiti chake. Na kila nilipokipima chuoni nilijiuliza swali lile lile. Kile kilipozidiwa kilitetemeka, kikapiga kelele kwenye mita, mtu yeyote mwenye macho angeona. Sisi wanne tulizidiwa huku tumetulia, mmoja anaimba, mwingine anashukuru Mungu. Ningekuwa nimekaa na kitabu badala ya mita, nisingejua kitu.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba usalama wa kwenye gari si kufunga tu. Tulikuwa na adui tunayemwona, vumbi, tukaziba kila tundu ili asiingie, tukajifungia ndani na yule tusiyemwona. Kama unabeba mtungi wa naitrojeni, uwe wa mifugo au wa hospitali, au hata unabeba barafu ile inayotoa moshi ya kupozea samaki, weka nyuma kwenye upepo. Usikae nao chumba kimoja. Kama huna pa kuuweka, kula vumbi. Vumbi utakohoa na utaoga.

Na wewe jamaa wa Noah, sijaja kukutukana. Toa mtungi huo kwa abiria leo, halafu rudi hapa uniambie umetoa.

Wenye ujuzi wa haya mambo nirekebisheni nilipokosea, na yeyote aliyewahi kusinzia kwenye gari la namna hii akaamka, aje aseme, ili wengine wasome. PM za kuuliza superconductor inauzwa wapi sitajibu.

Limi sasa yuko shule ya msingi, mrefu, mbishi, anajibu kila kitu. Wakipanda gari na mama yake, akinyamaza kidogo tu wifi anamfinya. Mtoto analalamika, mama niko macho, naangalia nje. Wifi anasema sawa, halafu baada ya muda anamfinya tena. Hajui kwa nini, hatujamwambia bado.

Jana nilimsomea wifi uzi huu wote kwenye simu kabla sijauweka. Alisikiliza mpaka mwisho, zikabaki sauti za wateja tu pale dukani kwake, nikadhani ameiacha simu mezani. Nikamuuliza kama kuna cha kuondoa.

Akasema hakuna. Ila niangalie vizuri kama nimeandika kwamba mtoto alilia.